Kimya cha Susu Ndani ya Diski

Dada yangu alijifundisha kutengeneza programu kwa laptop kuukuu, hapo kwetu Kathonzweni. Ya kwanza ilikuwa ya kurekodi hadithi za wazee, na mzee wa kwanza alikuwa susu, mama yake mama yetu. Susu akisimulia hufika mahali akanyamaza. Unasikia kuku, unasikia upepo ukipita kwa mbaazi, halafu anaendelea kama hakuna kitu. Mimi hicho kimya nakipenda kuliko hata maneno. Nikikisikiliza naelea.

Sasa dada alikuwa na jaribio, yaani kiprogramu cha kukagua nafasi ambayo rekodi inakula kwa diski. Kila akiliendesha linakataa: rekodi ni ndogo, lakini diski inasema imekula karibu mara mbili.

"Laptop itajaa kabla wazee hawajaisha," akasema. "Nitakata pale susu ananyamaza."

"Ukate kimya cha susu?"

"Nacho kinakula nafasi, wewe."

Moyo uliniuma sana. Jumapili kanisani, kazi yangu ikiwa kuonyesha watu viti, bado nilikuwa nawaza hayo. Kina mama wa kwaya huwa wanatandika leso, zile kanga zao, kwa benchi kushikia nafasi wenzao ambao hawajafika. Nikaona benchi imejaa, nikasimamisha wageni ukutani. Kwaya ilipokwenda mbele, leso za wale ambao hawakufika zikaokotwa, kumbe karibu nusu ya benchi haikuwa imekaliwa na mtu.

Nilirudi nyumbani haraka.

"Ukipima hiyo faili, huwa umeshaifunga?"

"Hapana. Napima ikiendelea kurekodi."

"Si kompyuta inaweza kuwa imeishikia nafasi mbele? Haijui susu ataongea mpaka saa ngapi."

Akanitazama. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa leso."

"Enda ukule kwanza. Ni njaa."

Lakini alisoma, akakuta ni kweli. Mfumo ukiona faili inakua, unaitengea nafasi ya ziada mapema. Faili ikifungwa, ile isiyotumika inarudishwa. Jaribio lilikuwa linahesabu na nafasi ambayo bado haijakaliwa. Akaligeuza lifunge faili kwanza, ndipo lipime. Likapita.

Hakukata kitu. Jioni tulimwekea susu sauti yake, naye akaegemeza kichwa kwa ukuta, macho amefunga. Kimya kilipofika nikaanza kumwambia dada jambo.

"Nyamaza wewe," susu akasema polepole. "Hapo nilikuwa nimefika kwa shamba la mama yangu."

Tukangoja naye mpaka akatoka huko shambani.