Jina Lililoondolewa kwenye Gazeti la Darasa la Sita

Barua ya kumtaka Mwalimu Lukresia Mbawala ajieleze ilimfikia siku ya Jumatatu, akiwa anasahihisha madaftari mia moja na manne juu ya meza yenye mguu uliofungwa kwa waya. Ilimpa siku saba aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kosa la kuharibu mali ya umma. Mali yenyewe ni bango. Uharibifu wenyewe ni maneno mawili aliyoyaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: Muhsini Daimu.

Barua haikusema maneno hayo yalitoka wapi. Nitasema mimi.

Mwalimu Lukresia amefundisha shule za msingi kwa miaka kumi na tisa, na mitano ya mwisho amefundisha hapa Ruhuwiko. Alizaliwa Namtumbo, kwa wakulima wa tumbaku. Baba yake alisokota sigara zake kwa vipande vya magazeti ya zamani, na binti alijifunza kusoma kwa kuviwahi vipande hivyo kabla havijawashwa. Habari nyingi za utoto wake hazina mwisho, kwa kuwa mwisho wake baba aliuvuta. Huwa anasimulia jambo hilo akicheka, ingawa siku hizi hacheki sana. Magoti yanamsumbua, chaki imemkausha koo, na darasa lake lina watoto wawili kwa kila nafasi ya mtoto mmoja.

Mwaka jana, alipofika kwenye historia ya dhahabu, alikuta kitabu kinachosomwa na watoto wanane kwa zamu, chenye mistari minne tu juu ya wachimbaji wadogo. Akaamua darasa la sita litoe gazeti la ukutani. Watoto wangekuwa waandishi wa habari wa ile rashi, yaani mbio za kusaka dhahabu, ya miaka ya tisini, wakati watu wa mkoa huu waliacha majembe na kukimbilia machimbo ya Lihungwani baada ya kusikia kwamba kijito kinatoa dhahabu. Karatasi zilikuwa mifuko ya saruji iliyogeuzwa ndani nje. Gundi ilikuwa uji wa sembe. Gazeti waliliita Karai, kwa heshima ya chombo kilichotumika kuoshea mchanga.

Sheria ya gazeti ilikuwa moja. Maneno yote yawe na jina la aliyeyasema, na kabla ya ukurasa kubandikwa, mwandishi arudi kwa msemaji amsomee. Kama msemaji hajui kusoma, mtoto aushike mkono wake na kukiweka kidole chake juu ya jina, ili ajue lilipo.

Binti yangu Oliva alitumwa kwa Bibi Saada, mama wa Kiyao kutoka Tunduru anayeuza vitumbua Majengo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua, we Mngoni, au kunusa tu?"

"Nimetumwa na mwalimu. Naandika gazeti."

"Gazeti! Na vidole vyako bado vimejaa mafuta ya vitumbua vyangu vya asubuhi!"

Alicheka, kisha akamsimulia. Mume wake alikwenda Lihungwani akachimba kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, lenye kina cha urefu wa minazi miwili. Huko hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Mtu aliitwa kwa alikotoka: Mbinga, Kyela, Masasi. Yeye aliitwa Tunduru. Mvua ya Machi ikabomoa kingo za duara, na habari iliyomfikia mkewe ilikuwa kwamba kifusi kimemfukia "Tunduru mmoja". Kwa kuwa watu wa Tunduru walikuwa wengi kule, Bibi Saada alisubiri miezi mitano akiamini huenda ni mwingine.

"Nitakuruhusu uandike," alimwambia Oliva, "ila uandike jina lake. Halijawahi kuandikwa mahali popote, hata kaburini. Kaburi lenyewe hatuna."

Oliva aliandika tanzia ya Muhsini Daimu, akarudi kuisoma, akakiweka kidole cha bibi juu ya jina. Bibi Saada aliomba aonyeshwe mara mbili.

Gazeti likasifiwa. Likaja ombi la kulipeleka kwenye maonesho ya elimu mjini, na kurasa zote kumi na nne zikachukuliwa na mratibu wa maonesho, Bwana Remmy. Mwalimu akawaalika wazee wote waliohojiwa. Bibi Saada hakukaanga vitumbua siku hiyo. Alikuja na kanga mpya, bado ina harufu ya dukani, akasimama mbele ya bango kubwa la plastiki lenye picha za rangi.

"Niwekee kidole, mjukuu."

Oliva alitafuta juu hadi chini. "Bibi, halipo."

"Tafuta vizuri. Macho yako mapya hayo."

Halikuwepo. Mifuko ya saruji haikuwepo, wala majina ya watoto, wala ya wazee. Tanzia ilikuwa imefupishwa kuwa sentensi moja: mchimbaji mmoja alipoteza maisha. Chini kabisa iliandikwa kwamba kazi yote imeandaliwa na kamati ya maonesho.

Mwalimu alimwita Bwana Remmy, ambaye alijibu kwa upole wa mtu mwenye haraka. "Mwalimu, nafasi ilikuwa ndogo. Kilicho muhimu ni ujumbe. Jina la mtu mmoja litamsaidia nani?"

"Mimi," alisema Bibi Saada. "Mbona la kwako umelining'iniza kifuani, baba?"

Watu walicheka. Bwana Remmy aliishika kadi yake ya utambulisho kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya. Mwalimu Lukresia hakucheka. Alichukua kalamu iliyokuwa ikitumika kuandikia kadi za wageni, akaandika jina pembeni ya ile sentensi kwa mwandiko wake wa ubaoni, kisha akaushika mkono wa bibi akauweka hapo. Bibi alikaa hivyo mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Saa moja baadaye bango likaondolewa.

Mwalimu aliijibu barua ya kamati kwa mistari mitatu: kwamba ni kweli aliandika, kwamba jina ni sahihi, na kwamba anaomba kurasa za watoto zirudishwe. Hakujibiwa. Alichopata ni ratiba mpya isiyo na kipindi hata kimoja cha historia. Nilipomwambia twende pamoja tukadai, alikuwa ameegemea ukuta ambao bado una alama za uji wa sembe.

"Sina hasira tena, baba Oliva," alisema. "Nina usingizi tu. Na nimechoka kumkwepa yule mama barabarani."

Hapiti tena Majengo. Oliva anapita, na kila mara Bibi Saada anamuuliza, "Limerudi?"

Bwana Remmy, na ninyi nyote mlioketi kwenye kamati ile, mwalimu huyu amechoka kuwaomba, kwa hiyo ninawaambia mimi. Mlichukua kazi ya watoto mkaiwekea jina lenu, mkafuta majina ya wenyewe, kisha mkamwita mharibifu aliyerudisha moja tu kati ya hayo. Ifuteni barua ile kwa barua nyingine yenye sahihi zenu. Mrudishieni somo lake. Fungueni stoo mliyofungia zile kurasa kumi na nne, mzirudishe shuleni, mkianza na ukurasa wa Muhsini Daimu. Bibi Saada ana miaka sabini na sita, na watoto walioandika gazeti lile wanamaliza darasa la saba Septemba hii. Uleteni kabla hawajaondoka, maana mmoja wao ana kazi ya kumwekea bibi kidole.