Gramafoni Isiyokuwa na Tarumbeta

Mimi ni fundi redio wa Lyamkena, Makambako, na nina ugonjwa mmoja. Nikiletewa kitu kikuukuu, mkono unakimbilia msasa na vanishi kabla akili haijauliza ni kitu gani hicho. Shangazi yangu anaujua ugonjwa huo. Ndiyo maana siku aliponiletea gramafoni ya babu kutoka Yakobi, ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi na kufungwa kanga mbili, hakukaa wala hakugusa chai kabla ya kunipa masharti.

"Usiisafishe, baba. Kwanza niambie ni ya aina gani."

Ananiita baba kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake na nilipewa jina la baba yao, huyo huyo babu mwenye gramafoni. Si jina ambalo watu wa kwetu waligombania. Babu alirudi na gramafoni hiyo kutoka Tanga, alikokwenda kukata mkonge kama wanaume wengi wa Njombe enzi hizo. Miaka michache baadaye mzungu mmoja mwenye shamba la miti ya miwati aliibiwa gramafoni. Wazee wa kanisa wakafika nyumbani kwa babu, wakaikuta yake, wakamtenga. Kutengwa kwetu si mchezo. Hushiriki Meza ya Bwana, husimamii ubatizo wa mtoto wa mtu, na ukifa hujarudi kundini unazikwa bila kengele wala mchungaji. Njia ya kurudi ipo, tena fupi: unasimama mbele ya usharika, unatubu. Babu alikataa kutubia kosa ambalo hakulifanya. Akazikwa na ndugu zake wachache, na hakuna aliyeanzisha wimbo.

Watu wakafunga mjadala kwa kusema lisemwalo lipo. Methali hiyo nimeichukia tangu nikiwa mdogo, kwa sababu haimdai msemaji ushahidi.

Gramafoni ya mzungu, kila aliyeikumbuka alisema, ilikuwa na tarumbeta kubwa ya bati iliyosimama juu yake. Ya babu ilikuwa sanduku tu lenye mfuniko. Wazee hawakubabaika hata kidogo. Walisema ameing'oa tarumbeta akaitupa mtoni ili kuficha wizi. Hakuna aliyeuliza kama zipo gramafoni za namna mbili, maana wengi wao walikuwa hawajaona hata ya kwanza. Sasa shangazi amebaki peke yake katika watoto wa babu, magoti yanamsumbua, na alitaka kujua jambo moja kabla hajaondoka duniani: je, sanduku lile liliwahi kuwa na tarumbeta? Kama halikuwahi, baba yake hakuwa mwizi.

Nilianza na chapa, nikakuta hakuna chapa. Bibi alikuwa akiusugua mfuniko kwa mafuta ya taa kila Krismasi ili ung'ae mbele ya wageni, na kwa mapenzi yake yote akayafuta maandishi hadi ikabaki alama ya manjano tu. Nikafungua skrubu nne, nikainua mashine. Springi ilikuwa imekatika, lakini hilo lilikuwa la kusubiri. Chini kwenye bamba la chuma palikuwa na namba iliyogongwa. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la simu la watu wanaopenda vitu vya kale, nikalala nikijiona nimemaliza kazi.

Asubuhi mtu mmoja wa Dar es Salaam akanijibu kwamba mashine ile ilifungwa kwenye aina kadhaa, zenye tarumbeta na zisizo nayo, kwa hiyo namba haisemi lolote. Akaniambia nilitazame sanduku. Tarumbeta ya nje hushikiliwa na mkono mzito wa chuma uliofungwa kwa bolti nyuma ya sanduku, na matundu ya bolti hayafi hata ukiyaziba.

Nikaligeuza sanduku. Nyuma palikuwa na kiraka cha mbao, upana wa kiganja, kimepigiliwa misumari, pale pale ambapo mkono ule wa chuma ungekaa.

Niliogopa, sifichi. Nilikifunika kile kitu kwa gunia, na kwa siku mbili shangazi alipopiga simu nilimwambia umeme umekatika, wakati taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Nilimwogopa babu ambaye sikuwahi hata kumwona. Siku ya tatu nikajionea aibu, nikachukua bisibisi, nikakibandua kiraka.

Nyuma yake palikuwa na kazi ya panya. Tundu lilikuwa la mviringo mbovu, kingo zimetafunwa, alama za meno zinaonekana, na ndani mlikuwa na maganda ya mahindi. Nikapapasa mbao yote kwa kidole, halafu kwa tochi, halafu kwa kidole tena. Tundu la bolti halikuwepo hata moja. Ndipo nikafuatilia sauti inakopita. Ule mkono unaobeba sindano uliingia chini kwenye koo la bati lililokunjwa ndani ya sanduku na kutokea mbele, na skrubu za koo hilo zilikuwa bado zina rangi nyeusi ya kiwandani juu ya vichwa vyake. Hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa. Yule wa Dar akanitumia picha ya aina hiyo hiyo: hendeli ubavuni upande ule ule, komeo lile lile, koo lile lile. Gramafoni ya babu ilitoka kiwandani bila tarumbeta.

Nilikwenda Yakobi mwenyewe kumwambia. Nilitegemea vigelegele. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina hakika, kisha akavaa viatu na kusema twende kwa mchungaji.

Mchungaji ni kijana wa umri wa mwanangu, lakini alitupokea kwa heshima. Alitoa daftari la zamani kabatini, akatafuta jina la babu, akasoma kwa sauti: ametengwa kwa wizi wa gramafoni, tarumbeta haikuonekana. Halafu akasoma mstari wa chini yake. Shahidi: binti wa mtuhumiwa, umri miaka minane.

Nikamgeukia shangazi. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia.

"Ni mimi," alisema. "Baba alikuwa shambani. Waliniuliza kama kwetu kuna gramafoni, nikaitoa uvunguni nikawaonyesha, nikawaambia ni ya baba. Nilikuwa najivunia."

Mchungaji aliligeuza daftari ili shangazi auone mstari huo. Kisha akaeleza kwamba marehemu hawezi kusimamishwa mbele ya usharika, lakini daftari linaweza kusahihishwa, na Jumapili jambo hilo litatangazwa. Akaandika pembeni kwamba aliyetajwa hakuwa na kosa, akatia sahihi. Kalamu ikashuka kwenye mstari wa shahidi, akamuuliza shangazi kama na huo aukate.

"Huo uache," shangazi alisema. "Niliwaambia ni ya baba, na ni ya baba."

Mchungaji akafunika kalamu.