Ujumbe Niliousoma Nusu Ainabkoi

Anko Kamau alinipigia simu niende Ainabkoi kuandika kumbukumbu za mkutano. Kikundi chake cha maziwa kilikuwa kinavunjika: waliotoka eneo la kati, wengi wao wenye maduka, na waliotoka magharibi hawakuaminiana tena. Kikivunjika, uenyekiti wake ungekwisha. Tangi la kupozea maziwa walikuwa wamelichangia na kikundi cha Mzee Kibet, ng'ambo ya mto, nacho kilialikwa mkutanoni.

Saa mbili asubuhi niliondoka Kapseret kwa bodaboda. Mvua ilitusimamisha Cheptiret, na dereva akaniuliza nilisomea nini chuoni.

"Jinsi Wajerumani walivyoungana."

"Waliungana ama waliunganishwa?"

Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kwamba Prussia, ufalme mkubwa wa Wajerumani, ilipigana na Denmark, kisha Austria, na bado falme za Kijerumani za kusini zilisita kuungana nayo. Ndipo mfalme wa Prussia akatuma simu ya maandishi kuhusu mazungumzo yake na balozi wa Ufaransa. Waziri wake mkuu aliipunguza maneno kabla ya kuipeleka magazetini. Hakuongeza neno. Ufaransa ikajiona imetukanwa, ikatangaza vita, na watu wa kusini wakasimama na Prussia.

"Huyo alikuwa mjanja!"

"Watu walikufa."

"Lakini si waliungana?"

Tulifika Ainabkoi saa nne, katika ukungu. Wanachama walikuwa tayari wanarushiana maneno.

"Nyinyi wa maduka mnaongeza maziwa maji!"

"Na wewe Mama, hayo yako yana rangi ya mvua!"

Simu ya Anko ikalia. Alikuwa amesahau miwani, akanipa nisome. Ulikuwa ujumbe wa Mzee Kibet: "Leo hatuwezi kuja. Mama yangu amefariki. Tupeni mpaka Jumatano, hilo tangi ni letu sisi sote."

Nilimnong'oneza ujumbe wote. Akawatazama watu wake.

"Wasomee mpaka hapo kwa 'kuja'."

"Anko, huo ni uongo."

"Kwani umeongeza neno?"

Nilisoma sentensi moja.

"Wanatudharau!" yule Mama akapaza sauti. Mikono yote ikainuka: kikundi kibaki kimoja, tangi lifungwe kufuli, wa ng'ambo wasilitumie.

Saa tisa, nikirudi, nilimkuta Mzee Kibet kando ya barabara akingoja turubai la matanga.

"Kijana wa Kamau, uliwasomea?"

"Niliwasomea, Mzee. Pole sana."

"Asante. Niliogopa wangefikiri tumewakataa."

Nilimpa mkono, nikapanda pikipiki. Miaka minne chuoni niliuliza mbona hakuna aliyemzuia yule waziri. Sasa najua aliyekuwa karibu naye: mtu wake kama mimi, aliyetaka tu mkutano uishe.