Mitutu Miwili ya Filamu Moja

Harufu ya mabati yaliyopigwa na jua, ikichanganyika na ya nyaya zilizopata moto nyuma ya televisheni, ndiyo harufu ya likizo yangu ya darasa la sita. Shangazi yangu Kabula alikuwa na kibanda cha video Igoma, nyuma ya mashine ya kusaga, na mwezi ule mimi na kaka yangu Masanja tulikuwa tunaishi kwake. Filamu zilianza saa nane mchana. Watu walikuja kuona mapigano. Mimi nilikuja kuangalia bastola. Hasa zile kubwa zenye silinda ya kuzunguka, ambazo vijana wa mtaani waliziita rivolva. Kwao zote zilikuwa kitu kimoja kinachotoa mlio na moshi. Mimi niliona aina tatu: ya mtutu mfupi, unaolingana na kidole cha shahada, ya mtutu mrefu, wenye matundu membamba juu yake kama filimbi, na ile nene kuliko zote, ambayo silinda yake ni laini, haina mifereji, na hubeba risasi tano badala ya sita. Kitufe cha kusimamisha picha kwenye deki kilikuwa kimekufa, kwa hiyo nilichokikosa leo nilikingoja hadi filamu irudiwe. Nilichora kila kitu kwenye daftari la hesabu, na pembeni nikaandika filamu gani, sehemu gani, nani kaishika. Sikuwa nabahatisha. Kama sikuwa na uhakika, niliacha ukurasa wazi.

Masanja alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza useremala. Yeye na wenzake wanne walikuwa wameamua kupiga filamu yao wenyewe kwenye mawe ya Bujora, na kazi ya kutengeneza silaha aliichukua yeye. Alichonga bastola ya kwanza, nikamwambia inafanana na kikombe cha uji. Akacheka, akaomba daftari. Siku tatu nilisimama karibu na meza yake ya kazi, nikimrudisha nyuma kila alipokosea: mtutu uwe mrefu zaidi, mifereji ya silinda iwe sita, nyundo ya nyuma ilale hivi. Aliipaka kiwi nyeusi, akaisugua na unga wa risasi ya penseli mpaka ikang'aa kama chuma. Niliposhika kazi ile iliyokwisha nilijisikia fundi.

Asubuhi iliyofuata aliichomeka kiunoni, akaenda kuwaonyesha wenzake. Hakufika. Alipoinama kufunga kamba za viatu mbele ya mashine ya kusaga, shati lilipanda, na mama mmoja akapiga yowe. Wiki ile mwendesha bodaboda alikuwa amenyang'anywa pikipiki kwa bastola, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Mimi na shangazi tuliposikia makelele na kukimbilia huko, mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshamvuta Masanja ndani ya ofisi na kukaa mlangoni mwenyewe. Kaka yangu alikuwa na jeraha juu ya jicho, damu imeingia kwenye shati. Nje walikuwepo watu zaidi ya hamsini, na baadhi yao walikuwa na mawe.

Shangazi alinishika mkono tukapenya. "Shikamoo, mwenyekiti," nilisema. "Ile ni ya mbao. Mimi ndiye niliyeichora."

"Marahaba. Najua ni ya mbao, nimeishika. Lakini hata ya mbao inatosha kumnyang'anya mtu pikipiki."

Nilimpa daftari nililokuja nalo, nikamweleza habari ya filamu. Alifunua kurasa taratibu. Mwanamume mmoja dirishani akasema, "Hiyo kachora mtu mzima. Mtoto wa kike atajulia wapi mambo haya?" Hapo woga uliniishia, nikabaki na hasira tu. Nilisema kwa sauti waniwekee filamu yoyote ya shangazi, nami nitawaambia ni bastola gani kabla haijaonekana.

Mwenyekiti alinitazama, kisha akawageukia watu. "Twendeni," alisema. "Na mawe mnaacha hapa."

Wakajaa kibandani, wengine wamesimama mlangoni, Masanja amekaa benchi la mbele kati ya mwenyekiti na shangazi. Filamu ikaanza. Nilisimama kando ya televisheni. "Shujaa akishuka kwenye gari atakuwa na ya mtutu mrefu, yenye matundu juu," nilisema. "Akipiga teke mlango, atakuwa na fupi. Waliopiga filamu walisahau." Akashuka na ndefu. Akapiga teke mlango, na mkononi ilikuwa fupi. Mtu akapaza sauti, "Rudisha, mama, rudisha!" Shangazi akarudisha, wakaona tena. Kisha nikawaambia kwamba ile atakayorushiwa juu ya paa ina silinda laini, wahesabu milio, haitafika sita. Kibanda kizima kikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Baada ya hapo ukasikika mlio mkavu wa chuma kitupu. Walicheka wote, hata yule wa dirishani, na kicheko kile ndicho kilichomrudisha kaka yangu nyumbani.

Jioni, shangazi akimsafisha jeraha, Masanja aliniuliza, "Minza, ungekosea je?" Nikamjibu kwamba nisingekosea. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana ndipo nilipoelewa kwamba ustadi wangu ndio uliompeleka mbele ya mawe yale.

Leo naishi Kiseke, natengeneza vipuri vya injini za mitumbwi, na naweza kukuambia kwa macho kwamba shafti mbili unazosema ni sawa si sawa. Mwanangu akitaka kujua bastola ya filamu anasimamisha picha kwenye simu, na orodha nzima inamjia, jina na mwaka. Anajua mengi kuliko nilivyojua, na sioni wivu. Ila juzi alinionyesha picha ya kijana wa mtaa wa pili, imesambazwa na neno mwizi limeandikwa juu ya uso wake, na chini yake mamia ya watu wamekwisha kumhukumu. Nilimuuliza nani amemwambia yule kijana akae chini aeleze. Sisi tulikuwa na mzee aliyekaa mlangoni, na watu wenye mawe waliokubali kukaa kwenye benchi na kuangalia mara ya pili.