Gari Lililokataa Kutuhamisha

Mwezi uliopita nilikwenda Malindi kwa shughuli zangu. Zikaisha mapema, nami nikajikuta natembea mji wa kale bila kujua nakwenda wapi. Kwenye kona moja niliona miguu ya mtu imetokeza chini ya gari kuukuu. Kando yake palikuwa na beseni, na ndani ya beseni mafuta mekundu yalikuwa yakidondoka, tone baada ya tone. Nikasimama. Watu walipita wakinitazama, mwanamke mtu mzima, mkoba begani, amekodolea macho beseni la mafuta. Lakini rafiki yangu, ungelelewa nyumba ile niliyolelewa mimi, katika miaka ile ya themanini, nawe pia usingeweza kupita.

Ilikuwa nyumba ya bibi yangu, mama yake baba. Kuta nene za mawe na chokaa, ua mpana wa mchanga, jiko la makuti pembeni, na harufu ya nazi iliyokunwa ambayo haikuondoka hata usiku. Bibi ndiye aliyekuwa mwenye jiko. Mama yangu alipika, naam, lakini alipika alivyoambiwa. Akiweka chumvi, bibi alionja. Akipunguza moto, bibi aliuongeza. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana kimya chao kilikuwa kizito kuliko ugomvi, na sisi watoto tulipita katikati yake kwa ncha za vidole.

Baba alikuwa mwalimu. Alikuwa mtoto wa pekee kwa bibi, na mjini hapo alizaliwa, akasoma na kusomesha. Kisha likaja jambo la uhamisho. Akapelekwa shule ng'ambo ya Kilifi, upande wa Kuruwitu, ambako mwalimu alipewa nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na jiko. Mama aliposikia neno hilo, jiko, aliinuka akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilimwona anatabasamu peke yake juu ya karai.

Tulikuwa na gari, steshen wegeni kuukuu ambayo baba aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarejea kwao. Mlango mmoja haukufunguka kwa ndani, na kiti cha nyuma kilinuka mbwa. Lakini usukani wake ulisaidiwa na mafuta, na baba aliuzungusha kwa kidole kimoja ili watu wamwone. Aliapa kwamba hatukodi lori la mtu. Tutahama kwa gari letu, safari mbili au tatu, mpaka kila kitu kifike.

Basi likizo ya Aprili ilipoanza tukafunga mizigo. Magodoro yalikunjwa yakafungwa kamba, sahani zikaviringishwa ndani ya kanga, vitabu vya baba vikatiwa maguniani. Siku ya kuondoka ilifika na mvua. Baba akawasha gari, akageuza usukani ili atoke uani, na usukani ukatoa mlio mrefu wa kukwaruza, kisha ukawa mzito kama umeshikwa na mtu. Akashuka, akainama. Mchangani, chini ya gurudumu la mbele, doa jekundu lilikuwa linatanuka ndani ya maji ya mvua.

"Hakuna safari leo," akasema.

Nilikuwa mtoto, lakini nilisikia wepesi fulani katika sauti yake. Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema alhamdulillahi, gari limeharibika nyumbani na si njiani, akaenda kuchoma mahamri.

Fundi alikaa mtaa wa pili. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Alijisukuma chini ya gari, akatoka na mkono mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Mwalimu, ni boksi ya stelingi," akasema. Akatueleza sisi watoto tuliokuwa tumemzunguka: ndani ya kile kisanduku cha chuma mna mafuta yanayosukumwa na pampu, na mafuta hayo ndiyo yanayomsaidia dereva kugeuza magurudumu. Chini yake inatokeza shafti, fimbo nene ya chuma. Hapo inapotokeza pana mpira wa duara unaozuia mafuta yasitoke, wenyewe mafundi huuita sili. "Huu wenu umechoka. Tunatia mpya, mnakwenda zenu."

Ilisemwa hivyo, kama jambo la asubuhi moja. Lakini shafti ile ilikuwa imeshikwa na mkono mzito wa chuma unaokwenda kwenye magurudumu, na mkono huo ulikuwa umegandana na kutu ya chumvi ya bahari. Fundi akatia mafuta ya taa, akagonga. Akangoja, akagonga tena. Kunguru waliruka kutoka juu ya paa kila nyundo iliposhuka. Likizo nzima naikumbuka kwa mlio huo. Ukikoma kidogo sote tuliinua vichwa, hata bibi, kila mmoja akisubiri neno lake.

Na sisi tuliishi juu ya mizigo. Sijui kama umewahi kuishi hivyo, mwili upo na nyumba imeshafungwa. Kila asubuhi mama alifungua furushi, akatoa sufuria, akapika uji, akaisugua, akaifunga tena ndani ya kanga ileile, akavuta fundo kwa meno. Bibi alimwambia atumie vyombo vya nyumbani. Mama alijibu, "Ahsante mama, tunaondoka kesho." Usiku tulilala kwenye mikeka, ndugu yangu mdogo akiniuliza kama kesho ni kesho kweli. Nami sikujua nataka jibu gani. Nilitaka kuondoka kwa sababu mama alitaka. Nilitaka kubaki kwa sababu bibi, kila jioni, aliniita nikae katikati ya magoti yake anisuke nywele, na siku hizo alisuka polepole, akafumua, akasuka upya.

Mkono wa chuma ulipong'oka hatimaye, fundi alipiga kelele mpaka majirani wakaja kuangalia. Sili mpya ililetwa na mwenye duka la vipuri, mzee wa Kihindi aliyekuwa jirani yetu tangu baba akiwa mdogo. Aliiagiza Mombasa, ikaja na basi, naye akaileta kwa miguu, ameifunika kwa leso isilowe mvua. Ikapachikwa. Baba akaendesha mpaka ufukweni na kurudi, sisi tukishangilia. Mama akavaa buibui, akakaa kwenye gunia la vitabu, tayari, ingawa baba alisema tutatoka alfajiri.

Asubuhi yake doa lilikuwa pale pale.

Mama alilitazama, akaingia ndani, na tukamsikia anafungua furushi la sufuria.

Safari hii fundi hakucheka. Alifungua tena kila kitu, akaisafisha shafti kwa kitambaa, akapitisha ukucha juu yake taratibu. "Nimekosea," akamwambia baba. "Nilitia mpira mpya nisiangalie chuma. Hebu pitisha kidole hapa." Baba akapitisha. Mpira wa zamani, kwa miaka mingi ya kusuguana, ulikuwa umechimba mfereji mwembamba kuzunguka shafti, na mpira mpya ulikuwa umekaa juu ya mfereji uleule. Mafuta yalipita chini yake bila taabu. Ikabidi iagizwe sili nyingine. Fundi akaisugua shafti kwa msasa laini, na sili ilipofika akaisukuma ndani kidogo kuliko mahali pake pa kawaida, ili iushike upande wa chuma ambao haujaliwa.

Baada ya kupachika yote, yalibaki mafuta. Gari likainuliwa kwa jeki, magurudumu ya mbele yakaelea. Fundi alikuwa chini akitazama uvujaji, baba alikuwa na kopo akimimina mafuta, na alitakiwa mtu wa kuuzungusha usukani ili hewa iliyoingia ndani itoke.

"Mwite mama watoto," fundi akasema.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakuwa amekaa kiti cha dereva maishani mwake. Akapanda, akashika usukani kama anayeshika sinia la moto.

"Kulia!" baba akaita. "Mpaka mwisho! Usibane hapo mwisho, rudisha. Kushoto sasa!"

Mwanzo alizungusha kwa woga. Mafuta yalichemka povu jekundu kwenye kikopo cha pampu, gari likanguruma na kulalamika. Kisha povu likaanza kutulia, mlio ukalainika, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Nilimwona anavyoshangaa. Akazungusha kulia, akazungusha kushoto, na mtandio ukamwangukia mabegani asiuinue. Baba akasema, "Basi, inatosha." Mama hakuacha. Alikuwa anacheka. Gari halikusogea hata hatua moja, lilikuwa limeinuliwa juu ya jeki ndani ya ua wa mama mkwe wake, lakini nakuambia mama yangu alikuwa safarini.

Usiku ule fundi alitandaza karatasi ya kaki chini ya gari. Asubuhi tulikimbia sote kuitazama. Ilikuwa kavu.

Baba akaiinua, akaigeuza huku na huku. "Vizuri," akasema. "Tungoje siku chache basi, tuhakikishe. Na mvua nayo ipungue. Na lile tairi la nyuma silipendi."

Mama alikuwa amesimama na furushi lake mkononi. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. "Mwalimu," akasema, na hakuwa akimwita hivyo ila akiwa na jambo. "Gari limepona, halijapona?"

"Limepona, lakini..."

"Basi mgonjwa aliyebaki ni wewe."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini ua ule ulikuwa umezoea kimya chake, na maneno yale yalianguka kama sahani. Bibi alikuwa jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mlio wa kukuna ukakoma. Akainuka akishika kiuno, akaja mpaka mbele ya baba.

"Mwanangu, nimekufunga kamba?"

Baba akatazama chini.

"Nakuuliza. Nimekufunga kamba mimi?"

"La, mama."

"Basi usinifanye mimi kuwa kamba." Kisha akamgeukia mama yangu, na sauti ikamtoka nyingine, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nawe, mwanangu, nisamehe. Gari lilipoharibika nilifurahi. Kila nikiona lile doa nilimshukuru Mungu, nikijua wewe unalia. Mungu anisamehe."

Mama akaliweka furushi chini. Akamshika bibi mkono, wenye chembe za nazi, akaubusu, na hakuuachilia upesi. Ndugu yangu mdogo akaanza kulia bila kuelewa. Fundi, aliyekuwa amekuja kuchukua jeki yake, akageuza uso akajifanya anakagua tairi.

Tuliondoka kabla ya adhuhuri. Bibi hakusimama kutupungia. Alichukua ufagio wa njiti akaanza kufagia pale gari lilipokuwa, akifukia yale mafuta kwa mchanga, akifagia na kufagia, mgongo ametupa sisi. Nilimtazama kwa kioo cha nyuma mpaka kona ikamchukua.

Tulipita Gede, Matsangoni, Tezo. Tulipofika Kilifi, daraja lilikuwa bado halijajengwa. Tulipanga foleni na malori kungoja feri, wauza korosho wakigonga vioo. Njia ya kushukia majini ilikuwa mteremko mkali, na mwenye feri aliwaelekeza madereva kwa mikono, kulia kidogo, kushoto, njoo. Baba aligeuza usukani kwa mikono miwili, si kwa kidole. Jasho lilimtoka. Gari likaingia mahali pake barabara, na hapo ndipo alipoweka paji la uso juu ya usukani na kulia. Mama alimwekea mkono mgongoni. Feri ikang'oka, na maji ya Kilifi yakawa kati yetu na nyumbani.

Mama alipata jiko lake. Mbaazi za siku ya kwanza zilitoka bila ladha, akasema hadharani kwamba hajui bibi hutia nini. Jumamosi kadhaa tulirudi Malindi kwa gari lile. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi, kisha sikukuu kwa sikukuu. Boksi haikuvuja tena. Bibi alikuja kwetu Idi moja, akasifu kila kitu, na kabla ya wiki kwisha akawa anakaa kibarazani amevaa buibui lake tangu alfajiri, anauliza gari litatoka saa ngapi. Alifariki msimu mwingine wa mvua. Tulifika baada ya maziko, kwa kuwa feri ilikuwa imesimama siku ile.

Mama alijifunza kuendesha, na alikuwa mwanamke wa kwanza shuleni kwa baba kushika usukani. Akawa hawezi kutulia mahali. Na ninachelea kusema, nami nimerithi. Nimehama nyumba nyingi kuliko walimu wote wa Kilifi, na kila ninapohamia huacha furushi moja bila kulifungua.

Siku ile ya beseni, nilipoondoka pale, nilikwenda mpaka mahali pa ile nyumba. Pamejengwa ghorofa, lina geti la chuma na mlinzi kutoka bara ambaye aliniuliza kwa adabu namtafuta nani. Yule aliyetaka kuondoka ameshaondoka duniani, yule aliyetaka tubaki, naye hakubaki, na yule aliyeshindwa kuchagua kati yao amelala Kilifi, mbali na mama yake. Nimebaki mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza nataka nini. Nikamwambia mlinzi nimepotea njia, naye akanielekeza stendi.