Asante Niliyoisema Mbele ya Mama Akinyi

Vijana wenzangu wa kanisa, nawasalimu katika jina la Yesu. Mmeniomba mara nyingi nisimame niwaeleze jinsi nilivyopona, na kila mara nimeangalia chini. Mimi si mtu wa kusimama. Kwa hiyo nimeandika, na katibu atawasomea. Nitakuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Tafadhali msigeuke kuniangalia.

Mimi ni Wakesho, wa hapa hapa Mbololo. Kabla ya ugonjwa nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na mwili wangu haukuwa na neno. Likizo nilipanda mlima na debe la maji bila kupumzika njiani. Baba yangu ni mzee wa kanisa, mnamjua, akiomba anasikika mpaka barabarani. Sauti hiyo mimi sikurithi.

Kikohozi kilianza shuleni, nikadhani ni vumbi. Halafu ikaja homa, kila jioni. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho, na niliona haya kulianika, wasichana wasije wakadhani nimekojoa. Nilikonda mpaka sketi ikawa inashikwa na pini. Mbavu za kulia zilichoma nikivuta pumzi. Siku moja darasani nilikohoa kwenye leso nikaona damu nyekundu yenye povu. Niliikunja haraka nikaitia mfukoni, lakini msichana wa dawati langu alikuwa ameshaona, akamwambia mwalimu.

Nilipelekwa hospitali, Voi. Daktari alinipiga eksirei, kisha akanidunga sindano ndefu katikati ya mbavu akavuta maji ya manjano, mengi, chupa ikajaa.

"Ni kifua kikuu, mzee," alimwambia baba. "Kinatibika. Lakini itabidi akae hapa."

"Akae mpaka lini?"

"Mpaka mapafu yakubali."

Nililazwa katika wodi ya wanawake wa kifua. Kitanda cha jirani yangu, kile cha mwisho dirishani, kilikuwa cha Akinyi. Alinizidi miaka kidogo. Baba yake alifanya kazi ya reli na waliishi katika nyumba za reli pale Voi, ingawa kwao ni mbali, upande wa magharibi.

Mimi nilikuwa nakohoa nimejifunika blanketi nisisumbue watu. Akinyi alinitazama siku mbili tatu, akasema, "Nyinyi watu wa milimani hata kukohoa mnakohoa kwa adabu. Kohoa vizuri, dada. Hiyo kitu unaiwekea nani?"

Nilicheka, na kucheka kukanifanya nikohoe vizuri.

Kila siku tulidungwa sindano ya matako, mpaka ikawa hakuna pa kukalia. Vidonge vilikuwa vikubwa na vilinitapisha. Mama yangu hakuweza kushuka kila siku kwa sababu ya shamba na wadogo zangu. Mama Akinyi ndiye aliyekuja kila siku, na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Alimimina vikombe viwili. Hakuniuliza kama nataka. Nikitapika, alinipangusa mdomo kwa kanga yake, akamimina tena. "Kunywa, mama. Ile ya kwanza ilikuwa ya tumbo, hii ni ya wewe."

Akinyi alikuwa akituombea sisi sote, kitanda kwa kitanda, akianzia mlangoni. Mara nyingi pumzi ilimwishia kabla hajafika kitandani kwake. Sista mmoja alipenda kumtania.

"Na wewe je? Huumwi?"

"Yesu ananijua, Sista. Acha aanze na wageni."

Sikuwahi kuona mtu mgonjwa namna ile akijisahau. Mimi usiku na mchana niliomba jambo moja tu, nisife.

Miezi ilipita. Homa yangu ikaacha. Nikaanza kusikia njaa. Daktari aliinua picha yangu dirishani akasema, "Wakesho, dawa imeshika." Picha ya Akinyi aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha kwenye bahasha. Dawa zilikuwa zile zile. Uji ulikuwa ule ule. Na kuomba, yeye aliomba kunizidi.

Ilikuwa mchana. Mama yake alikuwa ameondoka kitambo kidogo tu. Akinyi alikaa kitandani ghafla, akashika kifua, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Damu ikatoka mdomoni na puani, nyingi, ya moto, ikamwagika mpaka mikononi mwangu, maana nilikuwa nimemshika kichwa. Niliita sista kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Sista alikuja mbio. Tulikuwa tumechelewa. Akinyi alikuwa mzito mikononi mwangu, na macho yake yalikuwa yananitazama bado.

Walimpeleka kwao kwa gari la moshi, akazikwe nyumbani. Mimi sikuruhusiwa kutoka. Nilisikia honi ya garimoshi nikiwa kitandani, nikageukia kile kitanda cha dirishani, nacho kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, baba alitangaza ibada ya shukrani. Kila aliyekuja kunitazama, baba alimwambia, "Mungu hamwachi mtu wake."

Nilivumilia. Halafu jioni moja nikamwuliza, "Baba, na Akinyi alikuwa mtu wa nani?"

Mama akaacha kuchambua maharagwe.

"Sikuwa na maana hiyo, Wakesho."

"Mama yake amepelekewa habari za ibada. Amesema atakuja Jumapili. Nitashukuruje mbele yake? Nitasema Mungu alinisikia mimi, yeye hakumsikia?"

"Sijui, mwanangu," alisema baba. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hajui.

Jumapili Mama Akinyi alikuja kweli, amepanda mlima kwa miguu, jogoo wa sadaka kwapani. Aliketi upande wa akina mama. Kasisi aliniita mbele. Nilisimama. Niliona kanga ya Mama Akinyi, ile ile ya kunipangusa. Nikaanza kulia bila neno.

Baba akainuka anisaidie. "Wapendwa, mtoto wangu ana haya kidogo..."

"Baba Wakesho, ngoja," alisema Mama Akinyi. Alikuja mpaka mbele na jogoo wake, akasimama karibu nami kama vile tuko wodini.

"Wewe unaogopa mimi?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Usiogope. Mimi nimelia, na nitalia tena nikifika nyumba. Lakini leo si siku yangu, ni ya Yesu. Ukinyamaza kwa sababu yangu, umeweka mimi mbele yake. Sitaki hiyo nafasi. Sema."

Nikasema, "Asante, Yesu, kwa kunipa pumzi." Halafu nikasema, "Asante kwa Akinyi."

Yeye ndiye aliyeitikia amina, kwa nguvu, peke yake. Kisha alianguka sakafuni akalia vile wanavyolia kwao, jogoo akamponyoka akakimbilia chini ya mabenchi. Hakuna aliyecheka. Baba alimkamata yule jogoo, akasimama naye mikononi, na hotuba aliyokuwa ameiandaa hakuitoa. Mama yangu alikaa chini kando ya Mama Akinyi. Nami nikakaa.

Nawashauri hivi. Ukikohoa muda mrefu, nenda hospitali, usifiche damu kwenye leso kama mimi. Ukianza dawa, maliza, hata ukijisikia mzima. Na ukipona, usiseme umepona kwa sababu Mungu amekupenda kuliko wa kitanda cha pili. Hujui. Mimi nilikuwa karibu naye kabisa, na bado sijui.

Mapafu yangu sasa ni mazima. Nashuka Voi kila nikipata nafasi, Mama Akinyi ananimiminia uji, tunakunywa wawili. Namshukuru Yesu kila asubuhi nikivuta pumzi bila maumivu. Nimejaribu kumshukuru bila kulia. Bado sijaweza.