Baridi ya Majirani

Nikiwa mtoto kwetu Ikuti, niliogopa midomo ya majirani kuliko chatu. Tuliambiwa kwamba ukiwaudhi watu wakakunung'unikia, manung'uniko yao hugeuka baridi. Yanakuingia miguuni, na usipopatana nao yanapanda hadi moyoni, basi tena. Chekeni tu. Mimi sikucheka, maana baridi hiyo ilimpata mama yangu.

Ilianza misibani. Kwetu ukienda kuhani, unakula. Wanawake wanaketi chini, sinia moja, mikono mingi, na asiyenyoosha mkono ana lake jambo. Mama akaanza kusema ameshiba. Akialikwa chai anaiacha inapoa mbele yake. Weee, watu si wakaanza! "Anaringa." "Anatuona sisi wachawi." Aliyeongoza ni Mama Sekela, jirani yetu wa upande wa pili wa migomba, rafiki yake tangu usichana, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima.

Kisha mama akakonda, na miguu ikaanza kumfa ganzi. Alikuwa akinyoosha nyayo karibu kabisa na moto, anasema hasikii joto. Baba, mtu wa maneno machache, alimtazama siku moja akatikisa kichwa.

"Watu wamekunung'unikia," alisema.

Kumbe mama alikuwa na siri. Hospitali walishamwambia ana kisukari, wakampa sindano za insulini na kumkataza sukari, na kila siku alikuwa anajifungia jikoni kujichoma. Hata baba hakujua, jamani, mume wake wa ndoa! Mama aliogopa kwamba mtu akiiona sindano atasema ana ule ugonjwa ambao enzi zile watu waliutaja kwa kunong'ona. Afadhali waseme anaringa.

Baba akawaita majirani wapatane, kama desturi ilivyo. Kila mtu anasema lake kwa sauti, lisibaki kifuani, halafu aliyenung'unikiwa anakula nao. Asipokula, hajapatana. Mama Sekela alisimama wa kwanza.

"Mwe, huyu alikataa chakula kwenye msiba wa mama yangu. Mama yangu mzazi! Iliniuma. Basi, nimesema, yameisha."

Mama alilia, akaomba msamaha, akala. Alikula mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, akala wali, akanywa soda na togwa kikombe juu ya kikombe, kila aliyemkaribisha akampokelea. Nilimwona akicheka na Mama Sekela mpaka wanashikana mabega. Furaha niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuieleza. Wageni walipoondoka alisema miguu imepata joto.

Na sindano akaziacha. Alikuja kutueleza baadaye: "Baridi si ilishatoka? Ya nini tena kujichoma?"

Hazikupita siku nyingi. Nilirudi kutoka shule nikamkuta yuko chini kando ya ndoo ya maji, anahema kama aliyekimbizwa, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Macho yako wazi, lakini hanioni. Nilimwita, nikamtikisa, hanioni! Nilipiga yowe ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Mtu amesamehewa na kila mtu, amekula na kila mtu, sasa anakufa kwa nini? Nilidhani dunia imetudanganya.

Mama Sekela alifika peku, akambeba mgongoni hadi barabarani kwenye gari, huku mvua inamwagika, na mvua ya kwetu mnaijua.

Hospitalini Tukuyu walihangaika naye hadi fahamu zikamrudia, na baba akawa ameshatufuata. Daktari alikuja, kijana tu, tukajua sasa mama atafokewa. Akavuta kiti, akaketi.

"Mama, tuzungumze. Hawa wabaki au watoke?"

Mama alimtazama baba, akamtazama Mama Sekela. "Wabaki."

"Una kisukari, na uliacha dawa. Sikugombezi. Nataka kujua, katika ugonjwa huu kinachokuumiza zaidi ni nini?"

Nilitegemea aseme miguu, au sindano.

"Kukaa na watu bila kula nao," akasema.

Baba aliinamisha kichwa. Mama Sekela yeye akalipuka. "Kisukari? Kisukari tu! Gwe, ungeniambia! Nisingekupikia wewe chai yako isiyo na sukari? Ningeshindwa?" Alikuwa anafoka huku machozi yanamtiririka. Daktari akamwacha amalize, kisha akaanza kuwafundisha wote watatu pamoja, kuanzia kuchoma sindano mpaka chakula gani cha msibani mama anaweza kula na kiasi gani.

Mama yupo, ingawa ganzi haikuisha. Nikisimulia habari hii mjini watu husema huo ulikuwa ushamba, na mimi nawaacha waseme. Lakini najua manung'uniko yalikaribia kweli kumuua mama yangu, maana yalimfunga mdomo asiseme anaumwa. Sindano alikuwa nazo. Watu ndio aliowakosa.

Mwaka huu nilipokwenda kumsalimia nilimuuliza: angejua kwamba chakula kile na kuacha dawa vingemfikisha mlangoni mwa kaburi, angekula siku ile? Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Ningekula," alisema, akaendelea kumenya ndizi.